Kiraka Kikishatoka, Ndipo Mbio Zinapoanza

Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa mbili usiku kwa saa za Dodoma, au saa tatu Marekani inapokuwa katika miezi ya baridi, Microsoft hutoa kwa mpigo viraka vya usalama vya mwezi mzima. Utaratibu huo upo tangu Oktoba 2003. Saa hiyo ofisi za serikali za Mtumba zimefungwa, stesheneri za jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, zinahesabu mauzo ya siku, na mtu wa TEHAMA yuko nyumbani anakula. Wengi wanaoifuatilia habari hiyo huipokea kama habari njema: tundu lilikuwepo, sasa limezibwa.

Kwa aliyekwisha kukiweka kiraka, ni njema kweli. Kwa asiyekiweka, hali yake Jumatano asubuhi ni mbaya kuliko ilivyokuwa Jumatatu. Kiraka ni faili, na faili hiyo hushushwa na kila mtu, mdukuzi akiwemo. Anachofanya ni kuilinganisha na faili ya zamani kipande kwa kipande na kutafuta kilichoongezwa. Akikuta limewekwa sharti jipya la kupima urefu wa ujumbe unaoingia, anajua kwamba huko nyuma ulikuwa haupimwi. Tundu ambalo wiki iliyopita lilijulikana na watu wachache, sasa linajulikana na yeyote mwenye ujuzi na subira ya siku mbili tatu.

Kwa hiyo mtu akiniambia ofisini kwao "tunaweka apdeti", huwa nauliza lini. Jibu likiwa "tukipata nafasi", basi naona bado hatujaanza kuzungumza. Ila kabla ya kufika kwenye nafasi na bando, tuanze na protokoli, yaani kanuni ambazo kompyuta huongea kwazo, maana si kila kasoro ni ya aina moja wala si kila kasoro ina kiraka.

Protokoli ni makubaliano ya namna kompyuta mbili zisizojuana zitakavyoongea: ipi ianze, iseme nini, ijibiwe nini, na zikiachana ziachane vipi. TCP, ambayo kwa miongo mingi imebeba sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, huanza kama mgeni anayefika kwenye ua wa watu. Mgeni anapiga hodi. Mwenyeji anaitikia karibu, huku akiandaa kiti. Mgeni anajibu ahsante, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Maelezo rasmi ya TCP yalichapishwa Septemba 1981, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo na taasisi za utafiti zilizokuwa zikijuana. Hakuna aliyehangaika na swali hili: itakuwaje mtu akipiga hodi mara elfu kumi kwa majina ya watu wengine, na asiingie hata mara moja? Mwenyeji ataandaa viti elfu kumi, na mgeni wa kweli akifika atakosa pa kukaa. Septemba 1996 ndivyo alivyofanyiwa Panix, mtoa huduma wa intaneti wa New York, na huduma zake zikayumba kwa siku kadhaa.

Kompyuta za Panix zilifuata kanuni kama ilivyoandikwa. Kasoro ilikuwa kwenye kanuni yenyewe. Mwaka huohuo ikabuniwa njia ya kuikwepa: mwenyeji anapoitikia karibu, anaficha ndani ya jibu lake namba aliyoikokotoa, na haandai kiti chochote mpaka mgeni arudi na ahsante inayolingana na namba hiyo. Mifumo mingi ya leo bado inatumia mbinu hiyo inapozidiwa.

Heartbleed ni kinyume chake. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL, programu ambayo seva nyingi duniani, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine, huitumia kusimba mawasiliano ili yasisomwe njiani, ina kasoro katika sehemu inayoziwezesha kompyuta mbili kuulizana kama bado zipo. Kompyuta moja hutuma neno, inataja lina urefu gani, na kuomba lirudishwe vilevile. Mdukuzi alikuwa anatuma neno fupi na kudai ni refu, hadi kilobaiti 64. Seva iliyaamini madai. Ilirudisha neno fupi, kisha ikajazia nafasi iliyobaki kwa chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu yake: maneno ya siri ya watumiaji, barua pepe, hata ufunguo wa siri wa seva. Kanuni ilikuwa imesema wazi kwamba ujumbe wenye urefu wa uongo utupwe kimyakimya. Aliyeandika programu ndiye aliyesahau kuweka kipimo hicho, na kasoro ikakaa kwenye matoleo yaliyotumika tangu Machi 2012. Miaka miwili, kwa mstari mmoja uliokosekana.

Kuna kundi la tatu, nalo naona ndilo linalotuumiza zaidi huku kwetu. Hizi ni kanuni za zamani zilizokwisha kupata mbadala, lakini zimeachwa zikifanya kazi ili vifaa vya zamani visikwame. Telnet, njia ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali inayopeleka neno la siri mtandaoni bila kulificha, bado imewashwa kwenye swichi na ruta nyingi. SSL 3.0, kanuni ya zamani ya kusimba mawasiliano, ilivunjwa Oktoba 2014. TLS 1.0 na 1.1, zilizoirithi, zilistaafishwa rasmi Machi 2021. Na ipo SMB ya toleo la kwanza, ambayo nitairudia kwa kirefu.

Kujua kasoro iko kundi gani kunaokoa muda. Kosa la mwandishi wa programu huponywa na kiraka, shauri likaisha. Kosa la kanuni kiraka hulipunguza makali tu. Kanuni iliyostaafu haina kiraka cha kusubiri; dawa yake ni kuizima, na aliyeiacha wazi anaweza kuweka masasisho yote ya dunia na bado akaingiliwa.

Kupunguza makali kunaonekana vizuri kwenye DNS, protokoli ya tangu 1983 inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Kila swali la DNS hubeba namba ya utambulisho, na jibu sharti lirudi na namba hiyohiyo. Namba zinazowezekana ni 65,536 tu. Mwaka 2008 mtafiti wa Marekani, Dan Kaminsky, aligundua namna ya kuilazimisha seva iulize maswali mfululizo huku yeye akimwaga majibu ya uongo, mpaka moja liotee namba sahihi. Likiotea, kila anayeitumia seva hiyo akiandika jina la benki yake anapelekwa kwa tapeli, na jina analoliona kwenye skrini ni lilelile. Kaminsky hakutangaza. Aliwaita watengenezaji faraghani, na tarehe 8 Julai 2008 kampuni nyingi zikatoa viraka kwa siku moja. Viraka hivyo havikuibadili DNS. Viliifanya seva itume kila swali kupitia mlango, yaani njia ya mawasiliano ya kompyuta yenye namba yake, wenye namba isiyotabirika, ili mwongo alazimike kuotea namba mbili kwa pamoja badala ya moja.

Kaminsky aliomba watu wasichambue hadharani undani wa kasoro hadi mkutano wa Agosti. Undani ulivuja tarehe 21 Julai. Waliosema "tutaweka mwezi ujao" walikuwa na siku 13.

Sasa SMB. Hii ni protokoli ambayo Windows huitumia kushirikishana mafaili na printa ndani ya ofisi. Ukifungua folda iliyo kwenye kompyuta ya mwenzako wa chumba cha pili, ni SMB inayofanya kazi, kupitia mlango namba 445. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kasoro nzito katika toleo lake la kwanza. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Aprili, kundi lililojiita Shadow Brokers likaanika hadharani zana iitwayo EternalBlue, inayotumia kasoro hiyohiyo, na ambayo chimbuko lake linatajwa kuwa shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Tarehe 12 Mei kikaja kirusi cha WannaCry. Tangu kiraka hadi maafa ni siku 59.

Kilichowashangaza wengi ni kwamba hakuna aliyehitaji kubofya chochote. Tumezoea kuambiwa tusifungue viambatanisho vya watu tusiowajua, na ushauri huo ni mzuri, lakini hapa haukuwa na kazi. Kompyuta ikiwa haina kiraka, imewashwa, imeunganishwa, na mlango 445 uko wazi, WannaCry iliingia, ikafunga mafaili, ikadai fidia kwa Bitcoin, kisha ikaanza kutafuta kompyuta nyingine. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 ziliathirika. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha miadi na upasuaji. Kilichoipunguza kasi ni kijana wa Kiingereza, Marcus Hutchins, aliyeona kwamba kirusi hicho kabla ya kufanya lolote hujaribu kufikia jina fulani refu la tovuti lisilokuwepo. Akalisajili jina hilo kwa dola kumi na kitu. Kirusi kikawa kinalikuta lipo, na kinajizima.

Uvumi uliosambaa wakati ule ni kwamba waliopigwa walikuwa wenye Windows XP, watu wa zama zilizopita. Haikuwa hivyo. Kompyuta nyingi kabisa zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, mfumo uliokuwa bado unapata viraka kila mwezi bila malipo. Kilichokosekana ni mtu wa kukiweka.

Tarehe 27 Juni mwaka huohuo ikafuata NotPetya, iliyoanzia Ukraine ndani ya sasisho la programu ya uhasibu. Nayo ilitumia EternalBlue, lakini iliongeza jambo moja: ikishaingia kwenye kompyuta moja isiyo na kiraka, huchota maneno ya siri kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine hiyo na kuyatumia kuingia kwenye zile zilizokwisha kuzibwa. Mashine moja iliyosahaulika ikawa inawaangusha wenzake waliotimiza wajibu wao. Kampuni ya meli ya Maersk ilipoteza karibu seva zake zote zinazotunza orodha ya watumiaji, zipatazo 150 duniani. Ilibaki moja tu, nchini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ilikuwa nje ya mtandao wakati kirusi kinapita. Data yake ilihitajika Uingereza, lakini mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya huko, ikabidi diski ipelekwe Nigeria, ikapokelewe uwanja wa ndege na mwenzake, ndipo ifike London. Sisi ambao kukatika kwa umeme tunakujua vizuri tunaweza kucheka kidogo hapo. Lakini nakala rudufu iliyounganishwa na mtandao saa zote haina tofauti kubwa na kutokuwa na nakala.

Tukirudi Dodoma, maelezo ya kwa nini viraka havifiki kwenye mashine si yale ya "watu hawana elimu" yanayorudiwa kwenye semina. Kaa kwenye stesheneri, iwe Nkuhungu au karibu na Nyerere Square, uangalie kompyuta ya kuchapia. Windows yake imechakachuliwa. Aliyeiweka aliizima huduma ya masasisho makusudi, kwa hofu kwamba ikiamka itagundua si nakala halali, au kwa sababu mteja alilalamika mashine inakuwa nzito. Flashi za wanafunzi wa UDOM, za waombaji wa kazi, za wajumbe wa mikutano, zote zinapita hapo, na zinarudi ofisini kwa wenyewe.

Halafu kuna bando. Sasisho la mwezi la Windows huweza kufika mamia ya megabaiti, na anayetumia intaneti ya simu hana sababu ya kulipa kwa furaha kitu asichokiona kikimfanyia kazi. Windows nayo inasaidia kumlinda na gharama hiyo: mtandao ukishawekewa alama kwamba unalipiwa kwa kipimo, sehemu kubwa ya masasisho haishuki yenyewe. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akiamini yuko salama kwa sababu hakuona onyo lolote. Afadhali kidogo ni kwamba masasisho ya Windows ya siku hizi hubebana: la mwezi huu lina ya nyuma yote ndani yake. Aliyechelewa miezi minane hashushi manane, anashusha moja.

Ofisini sababu ni nyingine. Kompyuta ina mwenye dawati lakini haina mwenye apdeti. Na ipo ile mashine ya fotokopi ya korido, iliyonunuliwa miaka kumi na kitu iliyopita, ambayo hutuma nyaraka zilizoskaniwa kwenye folda kwa kutumia SMB ya kwanza na haijui nyingine. Microsoft ilianza kuiondoa SMB 1.0 kwenye Windows 10 mpya tangu mwishoni mwa 2017. Siku skani zilipogoma, fundi aliitwa, akairudisha kwa dakika tano, bosi akapata nyaraka zake, na mlango wa WannaCry ukabaki wazi kwa heshima ya fotokopi. Mashine nyingi kama hizo zinaweza kupangiwa kutuma skani kwa barua pepe au kwenye flashi, kwa hiyo hakuna haja ya kuirudisha SMB 1.0 kwa ajili yake.

Hofu ya sasisho lenyewe nayo haina budi kuheshimiwa. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 na kuzikwamisha ndege katika nchi nyingi. Julai hiyohiyo ilitangazwa kasoro katika OpenSSH, programu wanayoitumia mafundi kuingia kwenye seva wakiwa mbali, na uchunguzi ukaonyesha ni kasoro iliyokwisha kuzibwa mwaka 2006, ikafunguliwa tena kwa bahati mbaya na mabadiliko ya baadaye. Anayesema "apdeti zinaharibu" hajaota. Tofauti yangu naye ni kwenye hatua inayofuata. Yeye anazima masasisho. Mimi ningechagua mashine mbili au tatu za watu wasio na kazi ya haraka, nikaziwekea Jumatano asubuhi, nikasubiri hadi Ijumaa, zisipolalamika nikaendelea na zilizobaki. Siku mbili tatu za kusubiri zina sababu. Miezi mitatu haina.

Kompyuta angalau hulalamika. Ruta hailalamiki. Iko juu ya kabati, imefunikwa vumbi la Dodoma, taa zinawaka, na hakuna aliyeigusa tangu fundi aliyeifunga aondoke. Nyumba za wageni za hapa hujaa kipindi cha Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni, na sharti la kwanza la mgeni baada ya maji ni Wi-Fi. Karani anaandika neno la siri kwenye karatasi ukutani, na humo ndani ya ruta kuna programu ya mwaka ambao hakuna anayeukumbuka.

Yaliyozikuta ruta za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake vinapendwa na mafundi wa kwetu kwa uwezo na bei, yanaonyesha hatari ilivyo. Aprili 2018 kampuni iligundua kwamba njia yake ya kuisimamia ruta kwa mbali, inayotumia mlango 8291, inamruhusu mtu kusoma faili ya majina na maneno ya siri bila kujitambulisha. Kiraka kikatoka mwezi huohuo. Miezi michache baadaye ruta kwa mamia ya maelfu duniani, Brazil ikiongoza, zilikuwa zikipachika kwenye kurasa za watumiaji programu ya kuchimba sarafu za kidijitali, bila wenye ruta kujua. Wapo waliokuwa wameweka kiraka na bado wakaingiliwa, kwa sababu maneno ya siri yalikwisha kuibwa kabla, na hawakuyabadilisha. Kiraka huzuia wizi mpya. Funguo zilizokwisha kuchukuliwa zinaendelea kufungua. Ilikuwa hivyo pia kwa Heartbleed, ambapo waliosasisha OpenSSL walipaswa kubadilisha na vyeti vya utambulisho vya seva, na wengi hawakufanya.

Wi-Fi yenyewe ilipata lake Oktoba 2017, Mathy Vanhoef wa chuo kikuu cha KU Leuven, Ubelgiji, alipoonyesha kwamba hatua nne za WPA2, kanuni inayoilinda Wi-Fi, za kukubaliana ufunguo zinaweza kuchezewa ili ufunguo uleule utumike tena pasipostahili. Hapo kanuni ndiyo iliyokosea. Kiraka kilihitajika hasa kwenye simu na laptopu, kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni angeweza kununua ruta mpya kabisa na mgeni mwenye simu ya zamani asipate ulinzi wowote.

Kamera za usalama sitazikalia sana. Mwenye duka la Majengo anataka kuona kaunta yake akiwa Kondoa, fundi anafungua mlango kwenye ruta ili picha zipite, na neno la siri linabaki lile la kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya jeshi la vifaa kama hivyo kwa kujaribu orodha fupi tu ya majina na maneno ya siri ya kiwandani kupitia Telnet, na tarehe 21 Oktoba jeshi hilo likaiangusha kampuni ya DNS ya Dyn, Marekani, na pamoja nayo tovuti kubwa kubwa kwa saa kadhaa.

Ukiwa na ofisi ndogo na bajeti isiyotosha, usianze na kompyuta ya mhasibu. Anza na kile kinachoonekana kutoka nje: ruta, kinasa cha kamera, seva yoyote ambayo watu huingia wakiwa nyumbani. Vifaa hivyo ndivyo vinavyotafutwa na mashine zinazokagua intaneti nzima usiku na mchana, bila kujali ofisi yako ni kubwa au ndogo, na hapo ndipo siku za kusubiri zinapaswa kuwa chache kabisa. Ingia kwenye ruta, sasisha programu yake, zima Telnet, funga usimamizi kutoka nje, badilisha neno la siri. Kazi ya nusu saa. Kama kuna anayehitaji kuingia kwenye kompyuta ya ofisi kwa mbali, apite kwanza kwenye VPN, njia iliyosimbwa inayomwingiza kwenye mtandao wa ofisi. Kuacha mlango 3389 wa Windows, unaotumika kuiendesha kompyuta kwa mbali, wazi kwa dunia nzima ni jambo ambalo tangu kasoro yake ya Mei 2019 iitwayo BlueKeep sioni utetezi wake.

Ndani ya ofisi, ondoa SMB 1.0 kila mahali. Bando lipunguzie mzigo: Windows ina mpangilio unaoruhusu kompyuta moja ishushe sasisho na kuwagawia wenzake wa ofisi hiyohiyo kupitia mtandao wa ndani, ili mashine kumi na tano zisivute kitu kilekile mara kumi na tano. Wenye Linux, mfumo endeshi wa bure, wanaweza kuweka seva moja ya kuhifadhi vifurushi vya masasisho kwa kazi hiyohiyo. Andika pia, hata kwenye daftari, una vifaa gani na kila kimoja kina toleo gani. Tangazo la kasoro likitoka, asiye na daftari hilo hutumia siku ya kwanza kuzunguka vyumbani akiuliza.

Kuhusu kipi kiwahiwe, alama za ukali zinazotolewa kwa kila kasoro, kuanzia 0 hadi 10, zinapotosha zikitumiwa peke yake. Kasoro ya 9.8 kwenye programu usiyokuwa nayo haikuhusu. Ya 7 ambayo tayari inatumiwa na wahalifu inakuhusu leo. CISA, taasisi ya Marekani ya usalama wa mtandao, hutunza tangu Novemba 2021 orodha ya wazi ya kasoro ambazo imethibitika zinatumiwa kushambulia, na mimi huitazama hiyo kabla ya alama. Hapa nyumbani TZ-CERT, kitengo cha matukio ya usalama wa mtandao kilicho chini ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, hutoa tahadhari zake pia. Na kabla hujapakua programu ya kukagua milango iliyo wazi, kagua mtandao wako tu: kuingia kwenye mfumo wa mwingine bila ruhusa ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata ukidai ulikuwa unamsaidia. Anayetunza taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wateja ana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayomdai azilinde, na mashine isiyosasishwa kwa mwaka mzima ni ngumu kuitetea mbele yake.

Yapo ambayo hata ukiwa na bidii huyafikii. Mitandao ya simu kwa muda mrefu imezungumza yenyewe kwa yenyewe kwa SS7, protokoli ya miaka ya 1970 na 1980 iliyoandikwa kwa kampuni chache zinazoaminiana. Watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 2014 kwamba aliyepata kuingia humo anaweza kugeuza njia ya ujumbe mfupi, na mwaka 2017 wateja wa benki nchini humo waliibiwa kwa njia hiyo, namba zao za uthibitisho zikisomwa na wezi. Kiraka cha hapo kiko mikononi mwa kampuni za simu. Wewe unachoweza ni kutumia programu ya uthibitisho kwenye simu badala ya SMS, pale huduma inaporuhusu.

Na zipo mashine ambazo viraka vimezikoma. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ambazo kwa sehemu kubwa ni za kuanzia 2017 hivi. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa hapa mjini hazifikii. Kwa kuandika barua na kuvinjari, mashine hizo zinakwenda vizuri kwa Linux, ambayo viraka vyake havilipiwi na havijali umri wa prosesa kwa kiasi hicho. Ofisi inayofungwa na programu ya Windows inaweza kununua nyongeza ya viraka, ambayo kwa biashara hufika hadi miaka 3, na bei yake hupanda kila mwaka. Kompyuta ya maabara katika kituo cha afya, iliyofungwa kwenye kipimo cha damu ambacho mtengenezaji wake anakataa iguswe, haina njia hata moja kati ya hizo. Hiyo iondolewe kwenye mtandao wa ofisi na Wi-Fi, iwekwe kwenye swichi yake peke yake pamoja na printa yake, isifike intaneti, na majibu yatoke kwa flashi moja isiyotumika kwingine, ikikaguliwa kila inaporudi.